Oktoba 1962 kule Cuba: nani hasa alirudi nyuma, Kennedy au Khrushchev?

Mwanakijiwe_Ngamiani aliandika:

Habari za usiku wakuu, naombeni wenye uelewa wa historia mnisaidie maana leo usingizi umegoma kabisa.

Jana jioni hapa kijiweni kwetu kwenye kahawa redio ilikuwa inatoa habari za silaha za nyuklia, basi mzee mmoja ambaye sote tunamheshimu akasema haya mambo sio mageni, mwaka 62 Mmarekani na Mrusi walibakiza padogo sana kupigana kwa ajili ya Cuba. Jamaa mmoja wa bodaboda akadakia kwamba Kennedy, rais wa Marekani, alimbana Khrushchev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti yani Urusi ya wakati ule, mpaka akaufyata na kufungasha makombora yake. Mwingine akakataa katakata, anasema Mrusi ndo aliyeshinda kwa sababu kuna kitu alipewa kule Uturuki na watu hawakiongelei. Ubishi umekwenda mpaka isha na hakuna aliyemshawishi mwenzake.

Mimi ninachojua ni kidogo tu, kwamba tarehe 14 Oktoba 1962 ndege ya upelelezi ya Marekani aina ya U-2 ilipita juu ya Cuba ikapiga picha, kwenye picha yakaonekana makombora ya Kisovieti, na kutoka pale Cuba mpaka Florida ni kama kilomita 150 tu, yani karibu sawa na kutoka hapa Tanga kwenda Mombasa. Alafu zikapita siku 13 za roho juu na tarehe 28 yakaisha.

Sasa maswali yangu. Kwanza, kwanini Khrushchev aliyapeleka kule yale makombora, alikuwa anatafuta nini hasa? Pili, nani alirudi nyuma? Na tatu, baada ya pale kilibadilika nini?

Kuna la nne ambalo ndo limeninyima usingizi. Mwanangu yuko darasa la sita, alikuwa amekaa pembeni yangu anasikiliza, tulipokuwa tunarudi nyumbani akaniuliza baba wale wakipigana hayo mabomu huko kwao sisi huku tunapona? Nikamwambia tutaongea kesho. Kesho ndo hii inaingia na sina cha kumwambia.

Mwalimu_wa_Zamu aliandika:

Mkuu umeuliza vizuri na nitajibu kwa urefu kidogo, nafundisha somo la historia sekondari mwaka wa 19 huu na hii mada kila nikiifika naumia kwa sababu watu wengi huanzia siku ile ya picha, kama vile makombora yaliota tu kule Cuba kama uyoga baada ya mvua.

Rudi nyuma mwaka mmoja na nusu. Aprili 1961 wakimbizi wa Kicuba kama 1,400 waliofundishwa na CIA walishuka ufukweni kwenye Ghuba ya Nguruwe wampindue Fidel Castro, kiongozi wa Cuba. Walipigwa ndani ya siku tatu. Ungedhani basi, lakini Washington haikuacha, ikaanzisha mpango mwingine wa siri wa hujuma ulioitwa Mongoose, na majeshi ya Marekani yakawa yanafanya mazoezi ya kuvamia visiwa pale pale Karibiani. Kwahiyo Castro kuamini kwamba watarudi na jeshi zima haikuwa ndoto ya mtu mwoga, alikuwa na kila sababu.

Upande wa pili ni Uturuki, hapo huyo jamaa yenu wa kijiweni amegusa penyewe. Marekani ilikuwa imeweka makombora ya nyuklia aina ya Jupiter, 15 Uturuki na 30 Italia. Khrushchev alikuwa akienda mapumziko pwani ya Bahari Nyeusi anajua kabisa ng'ambo ya maji yale kuna vitu vimeelekezwa kwake. Wazo la Cuba lilimkaa kichwani Mei 1962 akiwa ziarani Bulgaria, ufukweni mwa bahari hiyo hiyo. Hesabu yake ilikuwa wao wametuwekea mlangoni, na sisi tuwawekee mlangoni waone inavyouma.

Na sababu ambayo mimi naiona nzito kuliko zote ni pengo. Kennedy aliingia Ikulu kwa kampeni ya kusema Marekani imeachwa nyuma kwa makombora, kumbe ukweli ulikuwa kinyume, Wasovieti ndo walikuwa wameachwa mbali sana kwa makombora ya masafa marefu, na Oktoba 1961 serikali ya Kennedy ikalisema hilo hadharani kupitia hotuba ya naibu waziri wa ulinzi Roswell Gilpatric. Hebu jiweke kwenye kiti cha Khrushchev, siri yako ya unyonge imetangazwa duniani kote, China inakucheka kwamba wewe ni laini, Berlin umeshindwa kuwatoa Wamagharibi umeishia kujenga ukuta. Makombora ya masafa ya kati unayo mengi ila kutoka kwako hayafiki Marekani. Ukiyapeleka Cuba yanafika. Aina moja ya hayo, R-12, ilikuwa inaruka kama kilomita 2,000, inatosha Washington.

Basi kuanzia Julai 1962 meli zikaanza kusafiri. Operesheni ikapewa jina la Anadyr, huo ni mto uko kaskazini mashariki kabisa ya Siberia kwenye barafu, na kuna vikosi vilipewa makoti ya manyoya na mbao za kuteleza kwenye theluji ili hata wao wenyewe wasijue wanaenda kwenye jua la Karibiani. Walisafiri wamefichwa chini ya sitaha kwenye joto kali, usiku tu ndo wanapanda wachache wavute hewa. Mwisho wa siku walifika zaidi ya 40,000. Wamarekani walidhani wako kama 10,000. Shikeni hiyo tofauti ya hesabu maana nitairudia.

Kennedy alipooneshwa picha asubuhi ya tarehe 16 aliita kundi la washauri, na tunajua walichosema kwa sababu alikuwa anarekodi vikao kwa siri. Siku za mwanzo karibu wote walitaka kupiga mabomu. Mkuu wa jeshi la anga Jenerali Curtis LeMay alimwambia usoni kwamba kusita ni kubaya karibu sawa na Uingereza ilivyomnyenyekea Hitler kule Munich. Kennedy akachagua njia ya kuizungushia Cuba manowari, akaiita karantini wala sio mzingiro, kwa sababu kisheria kuzingira nchi ni tendo la vita. Akatangaza kwenye televisheni usiku wa tarehe 22, na tarehe 24 meli za Kisovieti zilizobeba silaha zikasimama baharini au zikageuza.

Sasa ile tofauti ya hesabu. Wale majenerali waliotaka kuvamia hawakujua kwamba mbali na yale makombora makubwa pale Cuba kulikuwa tayari na silaha ndogo ndogo za nyuklia za uwanja wa vita, Luna na nyinginezo, zilizoletwa maalum kwa ajili ya jeshi litakaloshuka ufukweni. Hilo Wamarekani walilijua miaka 30 baadaye, mwaka 1992, kwenye mkutano Havana, na Robert McNamara aliyekuwa waziri wa ulinzi alikuwa amekaa pale pale anasikia. Yani wangemsikiliza LeMay, vijana wao wangeshuka kwenye fukwe zinazongojewa na nyuklia. Nikifika hapo darasani huwa nanyamaza kidogo, siwezi kuendelea moja kwa moja.

Nani alirudi nyuma? Wote wawili, ila mmoja hadharani na mwingine gizani. Jumamosi usiku tarehe 27 Robert Kennedy, mdogo wake rais, alikutana na balozi wa Kisovieti Anatoly Dobrynin. Akamwambia toeni makombora nasi tunaahidi hatutaivamia Cuba, na yale ya Uturuki yataondoka baada ya miezi michache ila hilo lisiandikwe popote na lisisemwe. Asubuhi ya tarehe 28 Khrushchev akatangaza kupitia Radio Moscow. Kufikia Aprili 1963 Jupiter za Uturuki hazikuwepo. Siri ilitunzwa miaka mingi, ndo maana mpaka leo kijiweni mnaambiwa aliyeufyata ni mmoja.

Msafiri_wa_Kusini aliandika:

Mwalimu nondo zako nimezielewa na nakubali nyingi ila naona umemwachia Khrushchev kirahisi mno. Kuweka silaha kwa rafiki yako ni jambo moja, kudanganya ni jingine. Uturuki ilijulikana, ilisainiwa, ilikuwa kwenye magazeti. Cuba ilifanywa gizani. Tarehe 18 Oktoba waziri wa mambo ya nje Andrei Gromyko alikaa Ikulu na Kennedy macho kwa macho akamwambia silaha tulizopeleka ni za kujilinda tu, wakati Kennedy tayari ameshaziona picha siku mbili nyuma. Sasa mtu akikudanganya hivyo leo, kesho akikuahidi kitu utamwamini kwa lipi? Kwangu mimi ile siri ndo ilifanya jambo likawa la hatari kuliko makombora yenyewe, angelitangaza wazi kama Castro alivyotaka lifanywe mkataba wa hadharani, Marekani ingepata wapi hoja?

Alafu tusisahau na Afrika ilikuwepo humo. Moscow ingeweza kupeleka vitu kwa ndege, lakini ndege zao zilihitaji kutua njiani kuongeza mafuta. Guinea ya Sékou Touré ikakataa Conakry isitumike, na huo uwanja Wasovieti wenyewe ndo walisaidia kuujenga! Senegal nayo ikakataa Dakar. Kwenye Baraza la Usalama Ghana na Misri walikuwa wajumbe mwaka ule, wakaleta pendekezo kwamba pande zote mbili zisizidishe, katibu mkuu akutane nao. Nchi zilizopata uhuru juzi tu, zinasema hapana kwa wakubwa. Mi najivunia hilo na nashangaa kwanini hatufundishwi.

Mwalimu_wa_Zamu aliandika:

Hapo kwenye uongo wa Gromyko uko sahihi kabisa, nimekubali. Na hilo la Castro kutaka mkataba wa wazi ningetakiwa nilitaje.

Fundi_wa_Kilindini aliandika:

Ndugu zangu mie si mtu wa siasa, mie ni fundi wa injini za meli, nimekaa vyumba vya injini miaka 22, nataka niwaeleze kitu kimoja tu kuhusu hiyo Jumamosi tarehe 27 maana naona mwazungumza Ikulu na mabalozi, na mie naona mambo yalikuwa chini ya maji.

Wasovieti walituma nyambizi nne za dizeli kutoka kaskazini kabisa huko kwenye baridi, ziliondoka tarehe 1 Oktoba. Kila moja imebeba torpido za kawaida na moja ya nyuklia. Wamarekani hawakujua hilo la nyuklia. Sasa sikizeni, nyambizi ya dizeli si kama ile ya nyuklia inayoweza kukaa chini miezi, hii ikizama yatembea kwa betri, betri zikiisha lazima upande juu uwashe injini uchaji na uvute hewa. Na zile ziliundwa kwa bahari ya baridi, hazina ubaridi wa kufaa kwa maji ya tropiki.

Ile moja yaitwa B-59 ikagunduliwa. Manowari za Marekani zikaizunguka, ikabaki chini kwa masaa mengi. Betri karibu zimekufa. Joto ndani lilipita digrii 45, sehemu za injini zaidi ya hapo. Hewa chafu, watu waanguka kwa kuzimia kama mbuzi juani, maji ya kunywa wapimiwa glasi. Mie nimewahi kufanya kazi chumba cha injini feni zimekufa tukiwa karibu na Djibouti mwezi wa saba, lisaa limoja na nusu tu, na nawaambia kwa haki ya Mungu baada ya hapo akili si yako, mtu akikugusa bega wataka kumpiga. Hao walikaa hivyo siku na masiku.

Na juu Wamarekani wawadondoshea vibomu vidogo vya mazoezi, si vya kuua, ni ishara ya kuwaambia pandeni. Washington ilipeleka maelezo Moscow kwamba hiyo ndo ishara. Ila nyambizi haikupata. Kwahiyo ndani yao wasikia tu mapigo kwenye chuma, ni kama mtu amekutia kwenye pipa apiga kwa nyundo. Hawana redio ya Moscow, hawajui kama vita vimeshaanza juu.

Nahodha Valentin Savitsky akachoka, akaamuru ile torpido ya nyuklia itayarishwe. Walioshuhudia hawasimulii sawa, wengine wasema ilikuwa bado chini, wengine wasema ilikuwa pale walipokwisha kupanda na ndege ikawamulika na kupiga risasi majini mbele yao. Lakini jina moja larudi katika masimulizi, Vasili Arkhipov, mnadhimu mkuu wa kikosi kile cha nyambizi, aliyekuwa mle kwa bahati tu maana angeweza kupanda yoyote katika zile nne. Yeye ndiye aliyemtuliza mwenzake. Akamwambia ngoja, hawa watupa ishara, hawatushambulii. Wakapanda juu, wakachaji, wakageuza njia.

Huyu Arkhipov mwaka mmoja nyuma, Julai 1961, alikuwa kwenye nyambizi K-19 kinu chake cha nyuklia kilipoharibika, aliwaona wenzake mabaharia wakifa kwa mionzi. Alikuwa ameiona kwa macho yake nyuklia ni kitu gani. Mie naamini hilo ndo lilimsimamisha, si siasa. Alifariki 1998 na dunia ikaja kuisikia habari hii hasa mwaka 2002. Akizungumzwa ushindi wa 1962 mbele yangu hilo ndo jina nitajalo kwanza.

Msafiri_wa_Kusini aliandika:

Fundi umenitoa machozi. Na siku hiyo hiyo ya tarehe 27 kuna rubani Mmarekani Charles Maultsby aliruka na U-2 kutoka Alaska kwenda Ncha ya Kaskazini kuchukua sampuli za hewa, ile mianga ya angani ya kule ikamvuruga asione nyota za kumwongoza, akaingia anga la Wasovieti pasipo kujua. Ndege za kivita za Kisovieti aina ya MiG zikaruka kumfata, na upande wa Alaska zikaruka ndege za kumlinda zimebeba makombora ya nyuklia. Mtu kapotea njia tu! Alirudi mafuta yamekwisha, anateleza hewani injini imezimwa. Na Cuba siku hiyo hiyo kombora likaangusha U-2 ya Meja Rudolf Anderson, akafa, na aliyetoa amri ni makamanda wa Kisovieti wa pale pale bila ruhusa ya Moscow. Khrushchev hakuamuru, Kennedy hakumtuma Maultsby. Hapo ndo naona viongozi walikuwa wameshika usukani ila magurudumu yanaenda yenyewe.

Mwana_Katanga aliandika:

Jambo yenu bandugu. Mi niko Lubumbashi, nasomaka hapa lakini leo lazima niandike.

Munasema Washington, munasema Moscow. Lakini bomu ya kwanza ilitoka wapi? Ilitoka kwetu, Shinkolobwe, karibu na Likasi. Urani ya pale ilikuwa tajiri kushinda ya fasi nyingine zote, kampuni ya Wabelgiji Union Minière ndo ilikuwa inachimba, mkubwa wao Edgar Sengier alituma zaidi ya tani 1,000 New York mwaka 1940 ikawekwa kwenye depo Staten Island, na 1942 jeshi la Marekani likainunua. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka kwenye mikono ya wababu zetu. Hakuna mtu aliwaambia wanabeba nini. Walibeba kwa mikono na kwa mifuko, na hakuna jina hata moja la yule mfanyakazi mweusi utaliona kwenye mnara yoyote.

Na kuna kitu ingine munasahau. Ule katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, U Thant, aliyewaandikia Kennedy na Khrushchev tarehe 24 akiwaomba wasimamishe meli na wasimamishe karantini ili waongee, munajua kwanini alikuwa bado anaitwa kaimu? Kwa sababu mwenye kiti Dag Hammarskjöld alikufa kwa ndege Septemba 1961 karibu na Ndola, na alikuwa anaenda kuonana na Tshombe, mkubwa wa Katanga yetu iliyojitenga na Congo, kwa vita ya Katanga. Ile Oktoba 1962 sisi hapa tulikuwa bado tumejitenga, askari wa UN wako mjini, na wakubwa wale wale wawili wanavutana juu ya migodi yetu. Kwahiyo kwangu Cuba na Katanga ni habari moja. Watu wanagombania nyumba yako na hakuna anayekuuliza wewe mwenye nyumba.

Mwanakijiwe_Ngamiani aliandika:

Wakuu nimesoma yote mara mbili, hapa saa nane usiku. Hilo la Shinkolobwe sikuwa nalijua kabisa, asante sana ndugu yangu wa Lubumbashi, na pole.

Mwenye nyumba sasa. Castro mwenyewe alisema nini? Maana naona Kennedy na Khrushchev wanaandikiana barua na kuelewana, makombora yako kwake, yeye yuko wapi?

Daktari_Mstaafu aliandika:

Naomba nijibu hilo, nilisomea udaktari Havana miaka ya 80 na hii habari niliisikia kwa Wacuba wenyewe, wao hawaiti mgogoro wa makombora, wanaita mgogoro wa Oktoba, maana kwao ilikuwa ni moja tu katika mfululizo wa migogoro na jirani yao.

Castro hakuulizwa. Aliambiwa na vyombo vya habari kama mtu mwingine yeyote, kwamba Khrushchev kakubali kuyatoa. Alikasirika vibaya sana, akakataa wakaguzi wa Umoja wa Mataifa wasikanyage ardhi ya Cuba, mwisho Wamarekani ikabidi wayahesabu makombora yakiwa juu ya meli baharini, Warusi wanafunua maturubai ndege zipige picha. Lakini niseme na upande wa pili kwa sababu nampenda yule mzee na nchi ile ila ukweli ni ukweli: usiku wa kuamkia tarehe 27 Castro alimwandikia Khrushchev kwamba Wamarekani wakivamia, Wasovieti wasiwaache wao waanze kupiga nyuklia. Maana yake wapige wao kwanza. Na alikuwa anajua Cuba itafutika. Khrushchev aliposoma ile barua alishtuka, na naamini ilimharakisha kukubali.

Aliyetumwa kwenda kumtuliza Castro ni Anastas Mikoyan, naibu wa Khrushchev serikalini. Alifika Havana mwanzoni mwa Novemba na siku moja baadaye akaletewa habari kwamba mke wake Ashkhen amefariki Moscow. Hakurudi kuzika. Alibaki wiki kadhaa anajadiliana mpaka ndege za mabomu IL-28 nazo zikakubaliwa kuondoka na tarehe 20 Novemba Kennedy akaondoa karantini. Zile silaha ndogo za nyuklia alizozitaja Mwalimu, Castro alitaka zibaki, Mikoyan akakataa, zikaondoka mwanzoni mwa Desemba, na Marekani haikujua kama zilikuwepo wala kama zimeondoka.

MamaWawili_Ilala aliandika:

Kaka wa Ngamiani mimi nimekwama kwenye swali la mtoto, maana naona wote wamejibu historia na mtoto anangoja.

Mwambie ukweli kwa kipimo chake. Mwambie hapana, umbali peke yake hautoshi kutulinda. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la majaribio kisiwa cha Bikini, Bahari ya Pasifiki, likatoka kubwa kuliko walivyopanga, megatoni 15, yani nguvu ya tani milioni 15 za baruti ya TNT. Wavuvi 23 wa Kijapani walikuwa zaidi ya kilomita 100 kutoka pale, nje ya eneo lililokatazwa, wanavua zao jodari. Ikawaangukia vumbi jeupe kama jivu. Wote wakaugua, mmoja wao alifariki Septemba mwaka ule. Hilo ni bomu moja. Na 1983 wanasayansi, Carl Sagan akiwemo, walionesha kwamba miji mingi ikiungua kwa pamoja moshi utapanda juu sana uzibe jua, na jua likizibwa mahindi hayaoti hata kwa ambaye hakupigana na mtu.

Ila usimwache hapo, mtoto hawezi kulala na hilo. Mwambie pia watu walijitahidi. Agosti 1963, hata mwaka haujaisha tangu Cuba, walisaini Moscow mkataba wa kuacha majaribio hewani, chini ya maji na anga za juu. Ukaja mkataba wa kuzuia silaha kusambaa 1968. Afrika yetu ina mkataba wake wa Pelindaba wa kukataa silaha za nyuklia, ulisainiwa Cairo 1996 na unafanya kazi tangu 2009, karibu bara zima limesema hatutaki. Wangu ana miaka tisa, nilimweleza hivyo, akaniuliza maswali mengine saba alafu akalala.

Mwalimu_wa_Zamu aliandika:

Dada umenisaidia na mimi, kesho nina kidato cha nne.

Mkuu wa Ngamiani nimalizie swali lako la tatu, la kilichobadilika. Mabaya yapo, tusidanganyane. Wasovieti walitoka pale na fedheha wakaapa haitajirudia, wakajenga makombora mpaka miaka ya 80 dunia ikawa na vichwa vya nyuklia zaidi ya 60,000. Khrushchev alitolewa madarakani Oktoba 1964 na Cuba ilikuwa moja ya makosa aliyohesabiwa. Leo vimepungua, vimebaki kama 12,000, lakini mikataba inakufa mmoja mmoja, ule wa makombora ya masafa ya kati wa 1987 Marekani ilijitoa 2019, na Urusi ikasimamisha ushiriki wake kwenye New START, mkataba wa kuwekea kikomo silaha za nyuklia za masafa marefu, mwaka 2023. Hilo linanitisha kuliko idadi yenyewe.

Ila lililobadilika haraka zaidi ni mawasiliano. Barua ndefu ya Khrushchev ya tarehe 26 ilichukua kama masaa 12 kupokelewa na kufasiriwa yote. Balozi Dobrynin alisimulia kwamba telegramu zake za siri kwenda Moscow alikuwa anaita kampuni ya simu za maandishi, anakuja kijana na baiskeli kuzichukua, na wao ubalozini wanaomba tu asisimame njiani. Dunia nzima ilikuwa kwenye mfuko wa yule kijana. Ndo maana tangazo la mwisho la tarehe 28 Khrushchev hakungoja telegramu, alilisomesha redioni moja kwa moja.

Mwaka uliofuata wakaweka laini ya moja kwa moja, ikaanza kazi tarehe 30 Agosti 1963. Wengi tunafikiri ilikuwa simu nyekundu mezani kwa rais. Haikuwa simu, zilikuwa mashine za kuchapa ujumbe. Walichagua maandishi makusudi, kila upande uandike kwa lugha yake, na anayepokea apate muda wa kutafsiri na kusoma tena kabla hajajibu.